Mapeasi Magumu

Jumanne, sokoni, nyuma ya wauza karanga,
kijana aliketi na boksi lake la mapeasi
yaliyopanda lori Lushoto, yakashuka kwenye treni hapa Tabora,
magumu kama mawe ya kupigia kunguru.
Watu walibonyeza, wakaguna, wakapita.
"Mama, nichukulie, nauza hasara."
Nikayachukua yote kumi na saba.
Akanitazama kama anayemuuzia kichaa kiberiti.

Wahenga husema mvumilivu hula mbivu.
Hawakulijua tunda hili.
Peasi la namna hii haliivi mtini,
haliivi kapuni, haliivi ndani ya pumba;
ungelivumilia hadi Kwaresima, nalo lingekuvumilia.
Huivia motoni tu.

Niliyajua haya jikoni kwa masista,
miaka kumi na tisa, aproni ya bluu,
Sista Hendrika na Kiswahili chake cha kupinda:
"Kalunde, wewe acha sufuria yeye alale."
Kwao Uholanzi, alisema, baridi hupasua mitungi,
maji ya mfereji husimama, watu wakayakanyaga,
na bibi yake aliyabandika mapeasi asubuhi
yakaja kuiva wakati wa taa.
Divai nyekundu, sukari, mdalasini.
Huku alitumia divai ya Misa iliyokaribia kuchacha,
kisha akaenda kuungama.

Mimi sina divai.
Nina choya niliyoanika juu ya bati mwezi wa tano,
nina asali ya Sikonge, nyeusi, bado ina moshi wa mzinga,
vijiti viwili vya mdalasini, ganda la limau.
Menya, lakini kikonyo kiache,
ndicho mkono wa kulishikia.
Yalaze ubavu kama watoto mkekani,
mimina choya hadi iwafike mabegani.
Makaa machache. Punguza tena.
Halafu usifunue.

Nje kipupwe kinafagia Ng'ambo,
kinabeba vumbi la reli na majani makavu;
midomo inapasuka, na Kasanda, mjukuu wangu,
amevaa soksi mikononi.
"Bibi, theluji ni nini?"
Ni vumbi la kwao, namwambia, jeupe, linalolowesha.
Anaridhika. Mimi siridhiki, ila sina jingine.
Mama Mwashi wa ukuta wa pili anauliza
ni dawa ya ugonjwa gani inukiayo hivyo.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu.
Miaka kumi na tisa, kila mwezi wa sita,
nilimenya, nikapanga, nikachochea,
nikapeleka sahani mezani, nikafunga mlango taratibu.
Yalihesabiwa: moja kwa kila sista, mawili ya padri.
Sikunyimwa. Siwezi kusema nilinyimwa.
Ila hesabu haikuwahi kufika kwangu.
Nililamba mwiko.
Utamu wa peasi niliujulia kwenye mti,
kama anayemjua bwana harusi kwa kuliona gari.

Na alipoondoka alinikumbatia stesheni,
akalia kweli, nami nikalia kweli,
akaniachia sufuria.
Ndiyo hii.

Saa kumi na mbili jioni nafunua.
Yamekuwa mekundu hadi moyoni,
rangi ya maji ya kitenge kipya siku ya kwanza ya kufuliwa.
Uma unaingia bila kupiga hodi.
Desturi ni kuyaacha yalale, yaliwe kesho, yakiwa baridi.
Kesho, basi, Mama Mwashi ataonja dawa yake,
na yule kijana wa sokoni nitampelekea moja kwenye kikombe
aone alichouza.

Leo naketi kwenye kiti, mezani,
kigoda nimekisukuma nyuma ya mlango.
Nashika kikonyo.
Kasanda anahesabu kwa soksi zake:
"Moja, la bibi."
Na la pili?
Anafikiri.
"La bibi tena."