Chujio

Tangu Septemba mvua imekaa Nguba
kama mkwe asiyeulizwa ataondoka lini.
Kamba ya nguo imelegea, imeota ukungu,
na soksi za Zihalirwa zimeshinda siku nne
zikinuka chungu kilichofunikwa kikasahauliwa.

Ndipo shangazi Nsimire akanunua mashine.
Ilitoka Liège, ndani ya kontena, na kovu ubavuni.
Ilipanda kilima kwa vijana sita na matusi mengi.
Tukaiweka sebuleni, mahali pa kabati la vyombo,
tukaifunika kitambaa cha kufuma, kwa heshima.

Fundi Balagizi alikuja na bisibisi moja na kikohozi.
Akakiondoa kitambaa. "Hii si maiti," alisema.
Akaufungua mgongo wake, akatuita tuone:
pipa lenye vitundu, mkanda mwembamba unaolizungusha,
waya uliojikunja kama utumbo wa kuku, ndio joto,
na feni ndogo, nyuma kabisa, yenye aibu.
"Mnadhani moto ndio unaokausha?
Moto unayashawishi tu maji yaiache nguo.
Anayeyatoa nje ni upepo.
Mzibieni njia, mtakuwa mnachemsha mashati."

Kisha akalivuta chujio pale mlangoni.
Lilivaa blanketi la kijivu,
manyoya ya nguo za watu tusiowajua:
uzi mwekundu,
unywele mmoja mrefu wa manjano.
Shangazi akaushika kwa vidole viwili
kama aliyeokota barua isiyo yake.

"Kila mzigo, safisha. Si kila wiki. Kila mzigo.
Na usilale ikiwa inazunguka."

Umeme wetu huja saa nane za usiku, bila hodi.
Balbu ya ujia ikiwaka, shangazi ameshaamka.
Anajaza nusu pipa, nguo zipate kucheza,
halafu anakaa kigodani, kanga mabegani,
anailinda kama mgonjwa wa homa.
Vifungo vinagonga chuma: tak, tak-tak.
Dirishani mvua nayo inagonga,
kila mmoja na kazi yake.

Februari ikazunguka bila joto.
Balagizi akarudi, akakohoa, akainama nyuma,
akakuta bomba la hewa limebanwa na gunia la makaa,
gunia letu wenyewe.
Akatoa kijifyuzi, kidogo kama punje ya mtama,
akakiweka kiganjani mwa shangazi.
"Hiki hakikuharibika. Kimekufa badala ya nyumba yenu."
Akadai pesa yake. Akadai na chai.

Asubuhi moja nilimkuta shangazi mlangoni mwa mashine,
ameshika tandu laini la buluu, kiasi cha ngumi.
"Unaona nini?"
Nikasema: uchafu.
"Ni sare ya Zihalirwa."
Na sare ilikuwepo, imekunjwa kitini,
nzima, kola yake, mifuko yake yote miwili,
haikuonekana kupungukiwa na kitu.

Kumbe nguo haifi siku inapochanika.
Inaondoka usiku usiku, uzi kwa uzi,
huku sisi tukimshukuru Mungu kwamba imekauka.

Hakuongeza neno.
Aliinama kwenye rundo lililosubiri zamu,
akachomoa koti la marehemu mumewe,
lile la mistari, la kuendea kwa wakwe,
akalirudisha kwenye kamba ya barazani,
kwenye ukungu na michirizi.
Liko huko mpaka leo.
Bichi. Lakini zima.

Umeme ulikuwa umeshakatika.
Mimi nikayachukua manyoya ya buluu
nikayasukuma chini ya makaa ya mbabula.
Balagizi hakutudanganya:
kiberiti hakijafika,
pfu.