Tatu Katika Mia

Saa moja asubuhi Eibar bado imo ndani ya ukungu,
karakana baridi kama sufuria iliyolala nje.
Nawasha mashine ya kuchonga. Mhimili unaanza kuzunguka
kwa sauti ya mtu anayesafisha koo kabla ya kusema.
Kina kinachotakiwa: milimita nne.
Kifuniko cha kwanza, nne kamili.
Cha pili, nne. Naandika. Nakunywa kahawa.

Saa nne, kina ni nne na tatu katika mia.

Chukua unywele mmoja,
upasue kwa urefu, nusu moja itupe.
Iliyobaki ndiyo dhambi yangu.
Jicho haliioni, ila pampu itaijua, itavuja,
na mteja wa Bilbao hanunui maelezo.

Nilimlaumu Unai,
yule wa zamu ya usiku, anayeacha maganda ya machungwa
juu ya sanduku la spana.
Nikamwambia mbele za watu: umechezea vipimo vyangu.
Akaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine,
kama anayeihoji iwapo kweli imeiba.
Akafunga zipu ya koti, akatoka mvuani.

Vifuniko kumi na tisa vikaenda pipani.

Jumamosi nikarudi peke yangu.
Nikasimika saa ya kupimia mezani,
nikauacha mhimili uzunguke bila kukata kitu,
na kila robo saa nikausimamisha,
nikaushusha hadi sifuri, nikasoma sindano.
Moja.
Moja na nusu.
Mbili, na nje kengele za kanisa.
Kufikia saa nne, tatu.

Hapakuwa na Unai. Palikuwa na beringi zinazosuguana,
mafuta yanayopata moto, na chuma
kinachojinyoosha kuelekea chini, polepole,
kama mguu wa aliyelala ukitafuta kandambili.
Kioo cha namba kinaapa hatujasogea.
Hakidanganyi. Hakijui tu kwamba kimekua.

Nikazima, nikala mkate na jibini.
Niliporudi, mhimili ulikuwa umeanza kujikunja tena.
Kumbe ndiyo maana kifuniko cha kwanza baada ya chakula
hakifiki kina, nami siku zote nikikisingizia kisu butu.

Jina langu ni Edurne, yaani theluji.
Bibi aliyenipa hakuwahi kuniona kazini.

Jumatatu nikawahi kabla zamu ya usiku haijatoka.
Maneno niliyoyapanga njiani yalikuwa marefu,
yakatoka mafupi: ni joto, Unai. Haukuwa wewe.
Akamenya chungwa. Hakuniangalia.
"Tatu katika mia," akasema, kama anayetaja bei.
Nikamweleza: dakika ishirini za kupasha kabla ya kukata,
na saa nne tunaigusisha ncha upya.
"Dakika ishirini bure? Na umeme analipa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikabonyeza kitufe.
Tukasimama, yeye na maganda yake, mimi na daftari,
mashine ikizunguka, haikati chochote.