Shuka Lina Pembe Nne

Siku ya kumi na moja Senga hamsemeshi Teodor,
Teodor hamsemeshi Senga,
na mimi, niliye katikati na toroli la taulo mbichi,
nimekuwa posta ya watu wawili wanaosikiana.

"Mwambie afunge dirisha."
"Mwambie mvuke utaniua kabla ya hiyo baridi yake."
Ni hatua tatu. Nazihesabu nikipeleka.

Dirisha lenyewe halizidi upana wa sinia,
linatazama ukuta, na juu ya ukuta ndiyo Dundee,
na Februari ya Dundee haipigi hodi.

Bwana Lennox alishuka na fomu:
Eleza tatizo. Eleza hisia zako. Pendekeza suluhu.
Senga aliandika: Dirisha.
Teodor aliandika: Dirisha.
Faili likafungwa.
Dirisha likabaki nusu.

Leo, saa kumi alfajiri, mashine ya kukunja imekwama,
imeuma shuka ikanyamaza
kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe.
Wodi zinapiga simu: mashuka mia mbili kabla ya saa moja.

Kidole changu kilikuwa na plasta.
Kidonda kilishapona tangu juzi.
Sikusema.

Senga akashika pembe mbili, Teodor mbili.
Mvuto wa kwanza ulikuwa wa ugomvi, shuka likalia pa!
Wakasogeleana, vidole vikapokezana,
wakarudi nyuma,
wakasogeleana tena.
La tisa. La ishirini.
Uso uliokunjwa unaweza kukunja shuka,
lakini si sitini.

"Inua kidogo," Senga akasema, si kwangu.
"Umechoka?" Teodor akauliza, si kwangu.
"Bega. Walinipasua mwaka juzi, baridi ikiingia linaamka."
"Mimi mapafu. Miaka sita kiwanda cha saruji."
"Hukusema."
"Hukuuliza. Ulimtuma huyu."

Wakanigeukia wote wawili,
wakanitazama kama tarishi aliyekalia barua.

Senga akahamia upande wa makaushio,
penye joto la mkate.
Teodor akasimama dirishani, akalifungua lote,
akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akacheka.
Hatua tatu zilezile,
ila safari hii walizitembea wenyewe.

Nikabandua plasta, nikashika shuka la mia na moja.

Sasa wameanza kubishana kuhusu redio.
Redio, mimi sibebi.