Watatu katika Mia

Bwana wa makao makuu kashuka treni ya Warszawa
na mkoba wa ngozi, na chati ya duara.
Kaitandaza juu ya kaunta ya Bogumiła Wrona
kati ya katriji za wino na chai iliyopoa.
"Hiki kipande chembamba cha waridi,
ndio wachezaji wako. Watatu katika mia.
Hawakulipii hata umeme.
Ondoa kadi zao za picha, jaza rafu
mashine za ofisi, za barua, za hesabu za kodi."

Bogumiła anafuta miwani kwa pindo la sweta.
Mimi niko nyuma, bisibisi mdomoni, nasikiliza.
Nje theluji imechakaa, tramu inakwaruza kona.

Namkumbuka Kacper, mwana wa fundi bomba:
miezi saba, kila Ijumaa,
akiitazama kadi moja nyuma ya kioo
kama mtu anayeposa bila mahari.
Alilipa kwa noti zilizonuka grisi,
akaomba apunguziwe, akapunguziwa, akaomba tena.
Faida yetu haikutosha soksi.

Lakini daktari wa meno alipotaka kompyuta nane
alikuja na kikaratasi, mwandiko wa Kacper.
Padri naye, kikaratasi.
Na Halina, shangazi mtu, asiyemwamini hata daktari wake wa moyo,
alisimama hapo hapo akasema:
"Mtoto kasema feni iwe kubwa, na nisidanganywe."

Na hii kumbukumbu inayouzwa leo bei ya viazi,
nani aliinunua ilipokuwa bei ya ng'ombe?
Nani aliichemsha usiku kucha
akarudi asubuhi, macho mekundu, kutuonyesha kwa kidole:
hapa, pembeni, hapa ndipo inapoungua?

"Supu yako ya jana," Bogumiła anauliza,
"chumvi ilikuwa ngapi katika mia?"

Bwana anacheka. Si mjinga.
"Mama, supu haili chumvi tupu.
Na mwenye nyumba wako hapokei chumvi."

Hapo alitupata.
Duka la Ziemowit, ng'ambo ya mto,
liliwapenda wachezaji kuliko sisi;
sasa wanauza vipofushi vya madirisha.
Bogumiła ananyamaza. Nami natafuna bisibisi.

Kengele ya mlango. Kacper, theluji mabegani,
hanunui kitu, kaja kuota moto tu.
Anainama juu ya chati, hasomi hata tarakimu.

"Hiki kilitakiwa kiwe chekundu," anasema.
"Printa yenu imeishiwa manjano.
Na kichwa chake kimeziba, hiyo mistari mnaiona?
Msiisafishe. Gharama yake ni nusu ya mpya."

Bwana anaitazama chati yake muda mrefu,
kisha anatoa kalamu mfukoni.

"Mpya," anasema, "ninunue ipi?"