Safu ya Saba

Mzee Semhando, siku ananikabidhi masjala,
hakunipa hotuba. Alinipa rula ya bati,
kidau cha wino wa muhuri kilichokauka nusu,
na neno moja: "Barua isiyo namba haijafika,
hata ukiwa umeikalia."

Tangu hapo naandika.
Zinazoingia kwa bluu, zinazotoka kwa nyekundu.
Namba. Tarehe. Kutoka kwa nani. Kumbukumbu. Yahusu nini.
Amepewa nani. Na safu ya saba, hatua iliyochukuliwa,
ambayo aghalabu ni tupu
kama jiko la mchana wa Ramadhani.

Sijapokea nini?
Maombi ya uhamisho. Mashtaka ya mbuzi wa Chumbageni.
Mialiko ya semina iliyofika semina imekwisha.
Barua ya kijana wa Pongwe aliyeandika "Mheshimiwa"
mara tisa katika mistari sita.
Moja ilinuka mafuta ya taa, nyingine dagaa;
zote nikazigonga pembeni: IMEPOKELEWA,
zote zikalala ukurasani kwa foleni,
mkurugenzi na mpagazi wa bandarini,
kila mmoja mstari wake.

Walisema kompyuta inakuja. Ikaja.
Iko pale konani, imevishwa kitambaa cha kufuma,
inasubiri nywila kutoka Dodoma.

Bi Nasemba Kilua hutoka Barabara ya Kumi na Tisa
kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi.
Kiwanja chake cha Mwakidila
kimepandwa mawe ya mpaka ya mtu mwingine.
Ghorofani humwambia: "Mama, barua yako hatujaiona."
Miaka mitatu hawajaiona.
Hushuka ngazi akizihesabu kwa midomo,
hupita dirishani kwangu, hunisalimu, huyoo.

Mwezi huu hakupita.
Akashika ukingo wa dirisha.
"Mwanangu, niambie kweli. Huenda sikuileta.
Umri huu mtu huota, akaamka akidhani katenda."

Nikavuta rejesta ya mwaka ule. Vumbi, mende mkavu.
Machi, mvua kubwa: karatasi zimevimba, wino umetawanyika.
Namba 219. N. Kilua. Kumbukumbu: hakuna.
Yah: Kiwanja changu.
Amepewa: Afisa Ardhi. Na sahihi yake huyo aliyepewa,
yenye mkia mrefu kama wa mjusi.
Safu ya saba, nyeupe.

Nikaigeuza rejesta imtazame yeye.
Kanuni hairuhusu. Nikaigeuza.
Herufi hazijui; barua ile aliandikiwa na mjukuu.
Nikakishika kidole chake, kigumu, kina harufu ya kitunguu saumu,
nikakitembeza kutoka tarehe hadi jina.
Kikakaa pale kwenye jina.
Kikakaa.
"Kumbe nilikuja," akasema,
akacheka kidogo, kama mtu aliyesaka ufunguo nyumba nzima
na kuukuta umo kiganjani mwake.

Rejesta haina safu ya mtu aliyekuja kwa miguu.
Saa saba na robo, wenzangu wamekwenda kula,
nikafungua ukurasa wa leo, kalamu ya bluu.
Namba 1104. N. Kilua.
Kumbukumbu: taja 219.
Yah: Amekuja.
Kisha karatasi, sentensi mbili kama alivyozitamka,
dole gumba lake chini, muhuri wangu juu,
nikapanda nayo mwenyewe, daftari la dispachi kwapani.

Afisa alikuwa anachokonoa meno.
"Saini hapa," nikamwambia, "kwamba umeipata."
Akapapasa mfukoni, akafungua mtoto wa meza, akaufunga,
akatafuta kalamu muda mrefu.

Nikampa yangu.