Huenda

Kwetu mtu hakusalimu akaishia hapo, hukuuliza habari:
za asubuhi, za kazi, za nyumbani, za huko.
Nawe hujibu nzuri, hata kama nyumba inaungua;
moto utautaja baadaye, chai ikishamiminwa.

Northampton habari haingoji chai.
Niliikuta saa kumi na moja alfajiri
kwenye kiti cha basi la kwenda Brackmills,
gazeti la jana, lina alama ya kiatu
na picha ya mikono ya bibi harusi, piko hadi viwikoni,
bila uso. Mikono ya nani, hawakuandika.
Juu yake, herufi nene:
WAKE WA NG'AMBO: MLANGO HUENDA UKAFUNGWA IJUMAA.

Kichwa cha habari, nacho kilikuwa kichwa kweli,
kimekatwa shingoni. Kiwiliwili kilikuwa ukurasa wa tisa,
na ukurasa wa tisa mtu alishafutia kioo.

Mapumziko yetu ni dakika kumi na tano.
Redio ya ghalani ikasema yaleyale.
Desmond wa mizani akanitazama juu ya kikombe:
"Kwa hiyo wako haji tena?"
Wako. Kama kifurushi kilichopotea lebo.

Nikampigia Mize, Pangani. Hakushika.
Nikamwachia sauti, glavu moja mdomoni:
"Mke wangu, wamefunga. Mwisho Ijumaa."

Sekunde sita.
Nimezisikiliza mara nyingi tangu siku ile
nikilitafuta lile neno dogo,
sijui nililidondosha wapi,
labda kati ya glavu na meno.
Huenda lilikwenda.
Gazeti lilikuwa nalo, maskini, limebanwa katikati ya sentensi
kama mtoto kwenye picha ya wajomba warefu.
Mimi ndiye niliyelitoa.

Pangani habari ikafika imenona.
Kabla ya adhuhuri Mize alishasikia
kwa muuza vocha, kwa shangazi yangu, kwa wifi yake aliye Muscat,
kwamba hata walioingia wanarudishwa,
kwamba vyeti vya ndoa vinachanwa uwanja wa ndege.
Lisemwalo lipo, wakasema.
Na lisipokuwepo, husemwa tena mpaka lipate pa kukaa.

Alhamisi akauza cherehani, ile ya miguu,
iliyoshona nguo ya harusi yetu,
pesa akampa kijana mmoja wa Tanga mjini
aliyesema ana mtu ndani,
faili litasukumwa kabla jua la Ijumaa halijatua.

Ijumaa ikaja, ikasaliwa, ikapita.
Mlango ulikuwa palepale ulipokuwa Jumatatu:
mzito, wa ghali,
wazi kiasi cha karatasi kupita ubavu.
Bi Pritchard, wa dawati la ushauri maktabani,
aliisoma taarifa yote kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa.
"Hili ni pendekezo tu," akasema.
"Huenda likapita mwakani. Huenda lisipite kamwe."
Nikazipenda huenda zake
kama mzee anavyopenda ngazi yenye kishikio.

Wiki ya pili gazeti likatoa masahihisho,
ukurasa wa ishirini na sita, chini ya bei za mazulia,
mistari mitatu, upana wa tiketi ya basi.
Njia ya mwongo ni fupi, alinifunza baba;
hakuwahi kuiona M1 usiku.
Niliikata ile mistari. Imo ndani ya cheti chetu cha ndoa.
Haitaji cherehani.

Jana Mize alinipigia. Siku hizi anashona kwa mkono,
nilisikia uzi ukikatwa kwa meno.
"Habari za huko?"
Ulimi ulishafika kwenye nzuri. Nikaurudisha.
"Sijui bado. Nipo ukurasa wa kwanza."
Alicheka, au alikohoa.
"Basi soma," akasema. "Nina shati zima la kumaliza.
Soma, na usiruke neno."