Kuhesabu Kutoka Uani

Mbijima, usiisome barua hii mbele ya wenzako wa jasi.
Kaa pembeni, futa vumbi jeupe machoni.
Nataka kukwambia habari za damu yangu
na nitaziita kwa majina yake.

Mwaka na miezi minne
nimechora mkaa ukutani, nyuma ya kihenge:
mstari kwa kila siku,
duara kwa siku hedhi inapoanza.
Mama yako aliona, akadhani nahesabu madeni ya mtama.
Nikamwacha adhani.

Tuliambiwa kumi na nne.
Wewe uliambiwa kambini, mimi nikaambiwa kisimani,
kumi na nne, kumi na nne, kana kwamba ni namba ya nyumba
wanamoishi wanawake wote.
Ukaomba ruhusa, ukapanda treni Itigi,
ukashuka Kigwe usiku wa kumi na mbili
na kilo mbili za sukari na viganja vilivyopasuka.
Alfajiri ya kumi na nne ukaondoka,
nami nikalala chali mpaka jua likanikuta.

Damu ikaja. Mwezi uliofuata ikaja tena.
Mama yako akaanza kuongea na mbuzi,
"Wewe angalau umenizalia mara mbili,"
macho yako kwangu.

Ndipo nikaenda zahanati, siku ya kliniki ya watoto,
mgongo wangu peke yake hauna kitu.
Nesi Fibe hakunipima. Aliuliza:
duara hadi duara, mistari mingapi?
Thelathini na nne, nikasema, mara nyingine na tano.
"Sechelela, umehesabu kutoka mlangoni.
Nyumba hii huhesabiwa kutoka uani.
Shika damu inayokuja, rudi nyuma kama siku kumi na nne.
Hapo ndipo yai hupevuka."

Ishirini, Mbijima! Pengine ishirini na moja.
Mbegu zako zilifika mapema kama wageni wa harusi ya mbali,
zikakaa barazani siku tatu, nne,
zilizojikaza sana, tano,
zikafa zikiutazama mlango.
Kisha yai likatoka, limeoga,
likakuta mikeka imekunjwa.
Nalo likishatoka halimalizi hata siku mbili.

Nikamkumbuka dada yako Ndahani,
aliyeapa kwamba damu ikikauka tu mtu yuko salama.
Mwezi wake ni mfupi, siku ishirini na mbili;
damu inakauka, yai limeshavaa viatu.
Sasa Yona yuko mgongoni kwake
na sisi tulisema ni mzembe.

Na ule ute. Siku nyingi ni mzito, kama uji wa jana,
lakini zikikaribia siku zenyewe huteleza,
hunyooka kati ya vidole bila kukatika
kama ute wa yai bichi la kuku.
Miaka yote nilidhani ni ugonjwa.
Nilinunua dawa yake mnadani Bahi, shilingi elfu sita.

Nesi hakuniahidi mtoto.
Alisema hata ukiipata siku, mwezi hauna deni nawe:
fukia mbegu nne za uwele katika udongo wetu huu,
ikichipua moja, shukuru;
tatu zilizolala si laana ya mtu.
Na miezi ikizidi kwenda, tupimwe wawili.
Wawili, alirudia, akaninyooshea kalamu.

Leo ni mstari wa tisa.
Panda treni itakayokufikisha hapa siku ya kumi na saba,
mwambie msimamizi jino linakuua,
ukae mpaka ishirini na moja.

Nilikuwa nafunga barua, mama yako akaingia,
akauliza ile michoro ni ya nini hasa.
Nikamwonyesha. Mlango, baraza, uani.
Akapitisha kidole juu ya mkaa, polepole, mara mbili.
"Zangu zilikuwa arobaini," akasema.
"Nilipigwa miaka mitatu."
Kisha akatoka kuwafungulia mbuzi,
na leo hakuwaambia kitu.